Michezo 620 Ndani ya Boksi Moja

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma lililopita jirani yangu hapa Buswelu alinikuta kituoni nasubiri daladala ya kwenda mjini. Akanionyesha kwenye simu picha ya mashine ya gemu aliyoiona Makoroboi. Nje ya boksi pameandikwa kwamba ndani mna michezo 620 ya zamani. Mwanawe anamaliza darasa la saba na ameahidiwa zawadi. Akaniuliza: "Kaka, wewe mtu wa redio. Hiki kitu ninunue au naibiwa?"

Sikumjibu palepale. Swali hilo nililiuliza mwenyewe mwaka 1997, nikajijibu vibaya.

Sisi tuliokulia Bara tulichelewa kuipata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, wakati huku Bara stesheni za kwanza zilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Televisheni ilipoingia sebuleni, gemu ikaja nyuma yake. Wafanyabiashara walizileta kutoka Dubai pamoja na redio kaseti na pasi za umeme. Jina lililovuma lilikuwa Terminator: mashine yenye pedi mbili za waya, bastola ya plastiki ya kulengea bata, na tundu juu la kuchomekea kaseti. Uliiunga kwenye tundu la antena, ukazungusha stesheni mpaka chenga zikapungua na picha ikatokea.

Tulidhani ni mali ya kampuni fulani ya Uarabuni. La hasha! Ilikuwa nakala ya mashine ya Kijapani.

Mashine yenyewe ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800. Mhandisi aliyeongoza kazi ya kuibuni aliitwa Masayuki Uemura, aliyefariki dunia Desemba 2021. Mwaka 1985 ikapelekwa Marekani kwa sura na jina jingine, na zote kwa pamoja ziliuzwa karibu milioni 62. Hapa pana jambo dogo lililoamua historia yetu. Ile ya Marekani ilitiwa kufuli: kichipu ndani ya mashine na kingine ndani ya kaseti, vinavyosalimiana. Kaseti isiyojua salamu haichezi. Ile ya Japani ya mwaka 1983 haikuwa na kufuli hiyo. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China, vikapitia mlango huo ulioachwa wazi, na ndio maana mashine zilizotufikia zilifuata mtindo wa Kijapani.

Kufikia miaka ya 1990 viwanda hivyo viliweza kubana sehemu karibu zote muhimu za mashine ndani ya chipu moja, wakaibandika kwenye ubao na kuifunika kwa tone la gundi nyeusi. Aliyewahi kufungua Terminator kwa bisibisi analikumbuka tone hilo. Mafundi wetu, ambao walifufua redio zilizoanguka kisimani, hapo walinyoosha mikono.

Sasa njoo kwenye kaseti, maana ndipo ilipo hila. Mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 ulikuwa na uzito wa kilobaiti 40 tu. Picha moja unayopiga leo kwa simu yako inaweza kuuzidi mara nyingi. Kwa hiyo chipu za kuhifadhia zilipokuwa rahisi, haikuwa kazi kubwa kutia michezo minne au zaidi katika kaseti moja. Mwanzoni hesabu ilikuwa ya kweli. Kisha wauzaji wakaanza kushindana kwa tarakimu. Huyu akiandika 64, yule anaandika 999, na mwingine anaongeza tisa mpaka nafasi kwenye karatasi inakwisha.

Mimi nilinunua ya 9,999. Fedha niliipata kwa kumsaidia shangazi kubeba dagaa pale Mwaloni, Kirumba, likizo nzima. Jioni ile nikakaa na mdogo wangu, daftari mkononi, tukaanza kuhesabu. Tulipata michezo saba. Mingine yote ilikuwa hiyohiyo iliyobadilishwa jina au rangi. Mchezo wa mizinga, ambao kwa jina lake halisi ni Battle City wa kampuni ya Namco wa mwaka 1985, una hatua 35. Basi waliiandika kila hatua kama mchezo unaojitegemea! Ukichagua nambari 112 unaanzia hatua ya kumi, ukichagua 113 unaanzia ya kumi na moja, na orodha inaendelea kurasa kwa kurasa. Shangazi alipoelezwa hakushangaa hata kidogo. Alisema hilo ni kopo la dagaa lililogongwa kitako kikaingia ndani. Kwa nje linaonekana kopo zima.

Hata hivyo, msomaji, sitaki kuilaani kaseti ile yote. Mwanza nzima sikuwahi kuona kaseti halisi ya Kijapani ikiuzwa dukani. Kama si hizo za wizi, tusingeujua mchezo wa Contra hata kwa jina. Vibanda vya gemu vilijaa watoto waliotoa sarafu zao, na sheria ilikuwa moja: ukifa, unampisha mwenzako. Umeme ukikatika mnaanza upya wote, maana mashine haikukumbuka kitu. Mchezo wa mwenyewe tuliuchukua bila mwenyewe kupata hata senti, nakubali. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Lakini wenye mali nao hawakuja kutuuzia.

Walikokwenda kuuza, wenyewe waligundua kwamba cha kale kina soko. Nintendo ilikusanya michezo ya Mario katika kaseti moja mwaka 1993, na Namco ikaanza mfululizo wa makusanyo yake mwaka 1995. Kisha Novemba 2016 Nintendo ikatoa mashine ndogo ya kukaa kiganjani, yenye michezo 30 ndani, kwa dola 60 hivi. Iligombaniwa! Ziliuzwa milioni 2.3 kabla ya kampuni kusimamisha uzalishaji Aprili 2017, na mwaka 2018 wakazirudisha sokoni. Tazama hesabu hiyo: 30, si 620. Kila mmoja ni mchezo kamili wenye mwanzo na mwisho wake. Konami nao walitoa mkusanyo wa Contra mwaka 2019, lakini huo unanunuliwa kwa intaneti na kadi, na jirani yangu anataka kitu cha kufunga kwenye karatasi ya zawadi.

Wenye mali nao wana vituko vyao. Septemba 2020 Nintendo ilitoa mkusanyo wa michezo mitatu ya Mario, na ilipofika tarehe 31 Machi 2021 ikaacha kuuuza, kana kwamba ni maandazi ya asubuhi. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hiyo, Video Game History Foundation, ilichunguza michezo iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010, ikakuta kwamba asilimia 87 haipatikani tena madukani kwa njia halali. Maana yake, mingi ya michezo hiyo, mtu akiitaka leo, itambidi aitafute kwenye mashine chakavu au kwa maharamia.

Jumamosi nikamsindikiza jirani Makoroboi. Nilimwomba muuzaji aiwashe kwenye televisheni yake tuone. Hakukataa, ila uso ulibadilika. Nikamwambia jirani aiache ile kurasa ya kwanza, kwa sababu mizuri yote hupangwa hapo, aende ya tano na ya kumi. Tuliona majina mageni tukayafungua moja moja. Matatu yalikuwa magari yaleyale ya Road Fighter, rangi tofauti. Tulipokadiria tulifika kama michezo 90 ya kweli. Jirani akasema basi nalipia tisini, na baada ya maneno mengi bei ikashuka sana, akainunua. Kwa bei ile, nami ningeinunua.

Nyumbani nikataka kujionyesha mbele ya vijana. Nikafungua Contra, nikabonyeza zile hatua kumi tulizozikariri utotoni: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukizibonyeza sawasawa unapewa maisha 30. Nilirudia mara nne. Hakuna kitu. Waliounakili mchezo walikuwa wameuchezea, wakaondoa njia ile na kuweka yao. Yule kijana aliniangalia kwa huruma, akachukua pedi, akaanza na maisha matatu.