Kabla ya ushuru wa nyumba kulikuwa na Kiembeni

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita uitandaze mezani. Upande wa mapato, chini ya mshahara wa msingi, utaona marupurupu ya nyumba. Upande wa makato, pamoja na kodi ya mapato, NSSF na bima ya afya, utaiona nyumba mara ya pili: ushuru wa asilimia 1.5. Mwenye kupokea Sh40,000 anakatwa Sh600, na mwajiri wake anatoa Sh600 nyingine juu yake.

Makato hayo yametupeleka kortini, yamejaza magazeti na kugombanisha watu barazani. Marupurupu yenyewe hakuna anayeyauliza yalitoka wapi. Yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa hapa Mombasa na makuli wa bandari ya Kilindini. Januari 13, 2027 itatimia miaka 80 tangu walipoacha kazi pamoja na watu wa reli, wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani, mji mzima ukasimama.

Masimulizi ya mgomo huo yamehifadhiwa hasa na watu wawili. Wa kwanza ni Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi Kenya mwaka 1935, akawekwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961, kisha akachapisha historia ya vyama vya wafanyakazi mwaka 1969. Wa pili ni Frederick Cooper, mwanahistoria wa Kimarekani, ambaye kitabu chake cha 1987 kinahusu kazi ya bandari ya Mombasa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hesabu ya mshahara wa kikoloni. Mwafrika aliyeajiriwa mjini alilipwa kama mtu asiye na mke wala mtoto. Waajiri walichukulia kwamba familia yake imebaki mashambani, inalima na kujilisha, na yeye mjini anahitaji chakula chake na mahali pa kutandika mkeka. Bandarini hali ilikuwa nzito zaidi kwa sababu wengi walilipwa kwa siku. Neno lenyewe kibarua latokana na barua, kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku. Meli isipotia nanga, hakuna cheti, na mwenye nyumba anataka kodi yake vile vile.

Makuli hao walipanga Majengo. Nyumba ya Kiswahili tunaijua sote: baraza mbele, ukumbi mrefu unaoipasua nyumba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye jiko na choo. Kuta za fito na udongo, paa la makuti. Ni nyumba iliyokusudiwa watu wa ukoo mmoja. Mji ulipofurika watafuta kazi, kila chumba kikapata mpangaji wake, na mpangaji naye akawakaribisha wenzake wa kutoka kwao ili wagawane kodi. Tena mwenye nyumba mara nyingi hakuwa na ardhi. Alimiliki kuta na paa, kiwanja kikawa cha mtu mwingine mwenye hati, naye akamlipa huyo ijara kila mwezi. Basi senti za kuli zililisha nyumba mbili kabla hajanunua unga wake. Mpango huo wa nyumba bila ardhi Mombasa haijaumaliza hadi leo, na ni aibu kwamba serikali moja baada ya nyingine imeukuta na kuuacha.

Mwaka 1939, Julai na Agosti, mambo yalichacha. Wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi waligoma wakidai nyumba, au pesa za kupangia. Serikali ilipowapa posho ya nyumba, habari zikaenea, wa idara na makampuni mengine wakagoma vile vile, na mgomo ukafika bandarini. Tume ya Willan iliundwa kuchunguza hali ya wafanyakazi mjini. Hapo nyumba ikaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya kazi.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Kilindini ikajaa meli za kijeshi, chakula kikagawiwa kwa kipimo, nguo zikaadimika, bei zikapanda na mshahara ukabaki nyuma. Vita vilipokwisha, bei hazikurudi.

Ndipo ikafika Jumatatu ya Januari 13, 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000 hawakwenda kazini. Kreni zikasimama, mizigo ikalala, treni hazikupakiwa, hoteli zikakosa wapishi, na nyumba za wazungu zikaamka bila mtu wa kuwasha jiko. Kilichowashangaza wakubwa ni kwamba hapakuwa na chama kikubwa kilichosajiliwa ambacho wangeweza kukifunga. Chama, kilichokuja kuitwa African Workers' Federation, kilizaliwa ndani ya mgomo wenyewe.

Kilizaliwa uwanjani. Wagomaji walikusanyika kila siku mahali palipoitwa Kiembeni. Nikisoma masimulizi ya siku hizo, uwanja huo ndio unaonishika moyo kuliko yote. Kulikuwa na Mmijikenda, Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, Mtaita na Mswahili wa mjini, watu ambao waajiri walizoea kuwagawa kwa makabila na kwa aina ya kazi. Kiswahili kikawaunganisha. Hapo habari zilitolewa, uvumi ukakanushwa, madai yakajadiliwa mbele ya watu wote. Walitaka malipo sawa kwa kazi sawa. Walitaka mshahara umfikirie mke na watoto. Na walitaka heshima, neno ambalo halikuwa na nafasi katika hesabu za kampuni za meli.

Kiongozi aliyejitokeza ni Chege Kibachia, kijana msomi kutoka Kiambu. Serikali ilitangaza kwamba mgomo ni kinyume cha sheria, askari wakaletwa, lakini Kiembeni haikutawanyika. Baada ya takriban siku kumi na mbili, aliyewashawishi watu warudi kazini ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliwaletea ahadi kwamba baraza la usuluhishi litasikiliza madai yao. Walimwamini, wakarudi kwa umoja ule ule waliotoka nao.

Baraza hilo liliongozwa na Jaji Thacker na lilitoa nyongeza, ingawa haikumfikia kila mtu kwa usawa. Kibachia alilipia kwa uhuru wake. Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa kuishi Baringo kwa amri ya serikali, akazuiliwa huko kwa miaka ipatayo kumi. Chama kikafifia. Watoto wetu wanafundishwa Mekatilili na Kimathi, na ni haki yao. Lakini muulize mwanafunzi wa Mombasa Chege Kibachia alikuwa nani, usikie jibu. Mtu aliyefungiwa miaka kumi kwa kudai mfanyakazi aweze kuishi na mkewe mjini hastahili kusahauliwa na mji uleule alioutetea.

Hoja ya Kiembeni ilishinda polepole. Mwaka 1954 Tume ya Carpenter ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na robo ya wale wa serikali, hawakupata mshahara wa kutosheleza mahitaji ya lazima, ikapendekeza mshahara wa mtu mwenye familia. Machi 1955 makuli waligoma tena, na safari hii kiongozi wa wafanyakazi, Tom Mboya, alisaidia kuwapatia nyongeza ya asilimia 33. Baada ya uhuru likaja Shirika la Taifa la Nyumba mwaka 1967, likajenga, lisiweze kufukuzana na idadi ya watu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo au pesa za kutosha kupanga.

Pesa za kutosha. Agizo la kima cha chini cha mshahara linaweka marupurupu ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara huo. Anayepanga Kisauni, Likoni au Changamwe anajua asilimia 15 ya kima cha chini inanunua chumba cha aina gani. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi nayo iliandikwa imlinde mpangaji anayelipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Shilingi imeshuka, kodi imepanda, na kiwango hicho kikaachwa kilipo mpaka kikawakosa wale waliowekewa.

Ushuru wa nyumba uliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaubatilisha Novemba mwaka huo, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Hapa Mombasa, nyumba kuukuu za mtaa wa Buxton, za enzi za mkoloni, zilibomolewa na magorofa yakapandishwa. Sipingi ujenzi. Ninachopinga ni kumkata mfanyakazi leo kwa nyumba ambayo huenda asiipate, huku haki aliyokwisha kupiganiwa ya kulipwa kodi inayotosha ikiachwa ikauke. Wabunge wanaokaa kujadili ushuru huo wajadili pia asilimia 15, na wapandishe kile kiwango cha Sh2,500.

Na Kaunti ya Mombasa iweke jiwe la kumbukumbu la Kiembeni kabla ya Januari 13, 2027. Kama babu au bibi yako alifanya kazi Kilindini au relini miaka ile, kaa naye, au na wanawe waliobaki, uandike anachokumbuka. Picha, cheti cha kibarua, hata jina la nyumba aliyopanga Majengo, usivitupe.