Kairopraktiki: jina la kazi na mgongo wa askari

Tarehe 18 Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alimlaza kifudifudi Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, akamsukuma pingili moja ya uti wa mgongo kwa mikono. Lillard alikuwa na uziwi wa miaka mingi. Palmer alitangaza kwamba masikio ya mtu huyo yamefunguka, dai ambalo sayansi haikulikubali, lakini kazi mpya ilikuwa imezaliwa na ilihitaji jina. Mchungaji Samuel Weed, mgonjwa wa Palmer aliyejua Kigiriki, ndiye aliyemtafutia jina hilo: akaunganisha neno la mkono na neno la kutenda.

Kiswahili bado hakijaafikiana kuhusu jina la kazi hiyo, na majina yanayopendekezwa karibu yote yana wenyewe. "Daktari wa mifupa" ni mpasuaji, yule anayekutwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili akitengeneza mguu uliovunjika barabarani. "Tiba ya viungo" katika hospitali nyingi ni fiziotherapia. "Fundi wa mifupa" humleta akilini mwunga mifupa wa jadi, mwenye vibanzi na majani yake. "Tabibu" lingependeza kwa ukale wake, ila Tanzania limekwisha kuwa cheo rasmi katika zahanati na vituo vya afya.

Kwa hiyo kukopa ndiyo njia salama: kairopraktiki, kwa kufuata sauti kama ilivyofanyika kwa saikolojia, na mwenye kazi aitwe mtaalamu wa kairopraktiki. Shahada yake Marekani humpa haki ya kuitwa daktari, lakini yeye si daktari wa dawa wala wa upasuaji, na msomaji wa Kiswahili anastahili kulijua hilo kabla hajavua shati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, lilitaka anayeanza fani hii bila elimu ya awali ya tiba asome saa zisizopungua 4,200 mbele ya walimu. Mkandaji wa mtaani, hata awe na mikono ya baraka, hayumo katika hesabu hiyo.

Jina la kazi limekopwa, lakini tendo lenyewe linaelezeka kwa maneno ya nyumbani. Mtaalamu hupapasa pingili, hutafuta kiungo kilichokaza, kisha hukipa msukumo mfupi wa ghafla. Kiungo hualika, kama vidole vinavyoalika mtu akivikunja. Wengi husikia mlio huo wakasema mfupa umerudi mahali pake. Sivyo. Mlio hutokana na gesi iliyomo katika ute wa kiungo, na unaweza kusikika bila nafuu yoyote, kama ambavyo nafuu inaweza kuja bila mlio.

Ni kwa askari ndipo kazi hii imepata nafasi yake ya heshima zaidi. Askari wa miguu wa Marekani nchini Afghanistan alitembea milimani na fulana ya kinga, silaha, maji na risasi, mzigo ambao katika safari ndefu ulipita kilo 40. Wengine walirushwarushwa ndani ya magari ya deraya, wengine wakaruka kwa miavuli. Vita vikiisha, mgongo hausaini makubaliano ya amani. Kwa miaka mingi jibu la hospitali lilikuwa vidonge vya jamii ya afyuni, na wapo waliopona risasi wakanaswa na dawa.

Sheria iliyosainiwa Januari 2002 iliitaka Idara ya Maveterani ya Marekani kuingiza kairopraktiki katika huduma zake, na wataalamu wa kwanza walianza kazi mwaka 2004. Ushahidi ulifuata polepole. Mwaka 2018 jarida la JAMA Network Open lilichapisha utafiti uliohusisha wanajeshi 750 waliokuwa kazini, wote wenye maumivu ya kiuno, katika vituo vitatu vya tiba vya jeshi. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida peke yake. Jingine likaongezewa kairopraktiki. Baada ya wiki 6, walioongezewa walikuwa na maumivu pungufu na walizimudu shughuli zao vizuri zaidi. Nafuu ilikuwa ya wastani, na hao walikuwa watu wazima wa umri usiozidi miaka 50. Anayeahidi kuponya pumu, uziwi au shinikizo la damu kwa njia hii hana utafiti huo mgongoni mwake.

Hapa linaingia neno la pili la kutafsiri, veterani, nalo lina uzito zaidi kuliko la kwanza. Magazeti ya Kiswahili humwita mtu aliyewahi kutumikia jeshini "askari mstaafu". Katika mfumo wa Marekani hilo ni kosa lenye gharama. Mstaafu wa jeshi, kwa kawaida, ni aliyetumikia miaka 20 au zaidi na anapokea pensheni. Veterani ni yeyote aliyevaa sare, akatumikia, akaondoka bila kufukuzwa kwa aibu, hata kama alikaa miaka minne tu. Wapo Wakenya waliohamia Marekani, wakajiunga na jeshi, wakatoka wakiwa vijana. Hao ni maveterani, si wastaafu. Msomaji wa Tanzania analijua neno "maveterani" kutoka timu za mpira za wachezaji wa zamani, na maana hiyo iko karibu na ukweli kuliko "wastaafu". Anayetaka Kiswahili kitupu aseme "mwanajeshi wa zamani".

Tofauti hiyo huamua nani atalazwa juu ya kitanda cha mtaalamu. Bima ya jeshi, TRICARE, hutoa kairopraktiki kwa askari aliye kazini, katika vituo maalumu vya jeshi. Haitoi kwa mstaafu, wala kwa mume, mke au mtoto. Mstaafu huyohuyo akiingia kwa mlango wa Idara ya Maveterani, kwa jina la mwanajeshi wa zamani, anaweza kupewa rufaa. Familia yake hubaki nje.

Na familia nayo ina mgongo. Mke anayemwinua kitandani mume aliyekatwa miguu, akamhamishia kwenye kiti cha magurudumu na kumrudisha tena usiku, anafanya kazi ya kuli bila zamu ya kupumzika. Hapo mtaalamu makini anaweza kusaidia hata kabla ya kumgusa mtu: amfundishe kukunja magoti, kusogeza mzigo karibu na kifua, kutumia mkanda wa kuinulia. Baadhi ya wataalamu binafsi huzipunguzia ada familia za wanajeshi. Ni jambo jema, ila hisani ya mtu mmoja mmoja haitoshi kuziba pengo lililoachwa na bima.

Mwenye kiwewe cha vita anahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa mkono usiotarajiwa shingoni unaweza kumrudisha vitani. Aelezwe kila hatua kabla ya kuguswa, na awe na haki ya kusema basi. Kairopraktiki haitibu kiwewe; kazi hiyo ni ya wataalamu wa afya ya akili.

Mkalimani anayemsindikiza mzungumzaji wa Kiswahili kliniki awe na maswali haya tayari kwa lugha nyepesi. Je, mwilini mna vipande vya chuma au skrubu za upasuaji? Mifupa imewahi kupimwa ikaonekana dhaifu? Umewahi kuugua saratani? Mguu unakufa ganzi, au mkojo umeanza kukutoka bila kujua? Jibu la ndiyo kwa swali hilo la mwisho linampeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, bila kupitia kitanda cha kairopraktiki.