Kiswahili Nje ya Mtaala: Elimu ya Msingi katika Makazi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda. Jina lenyewe huhusishwa na kitenzi cha Kichichewa kuleka, yaani kuacha. Makala haya yanahoji kwamba katika Shule ya Msingi ya Umodzi Katubza, iliyoendeshwa hapo kwa msaada wa Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi (JRS), mtaala na malezi ya mwanafunzi vimefuata njia mbili za lugha, na kwamba chanzo cha hali hiyo ni cha kisheria kabla ya kuwa cha kiisimu.

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, wakati wakimbizi wa Msumbiji walipokuwa wakimiminika nchini. Baadaye idadi yao ilipita milioni moja. Katika kuridhia huko iliweka mashaka yake wazi: kifungu cha 22, kinachohusu elimu ya umma, ilikichukulia kama pendekezo tu. Kwa hiyo, wakimbizi wa Kongo, Burundi na Rwanda walipofika Dzaleka, darasa lilikuja kutegemea zaidi mashirika ya kanisa na wafadhili kuliko wajibu wa serikali.

Hata hivyo, mtaala ulikuwa wa serikali: madarasa manane, yakihitimishwa na mtihani wa taifa ambao Kichichewa ni mojawapo ya masomo yake. Kichichewa kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1968. Waraka wa 1996 uliagiza lugha za mama zitumike katika madarasa manne ya mwanzo, lakini mjadala uliofuata ulihusu Kitumbuka, Kiyao, Kilomwe, Kisena na Kitonga. Sheria ya Elimu ya 2013 ikaelekea Kiingereza. Mtoto aliyesoma miaka minne kwa Kifaransa huko Uvira hakuwa na nafasi katika hatua yoyote kati ya hizo. Alianza upya kwa lugha mbili ngeni kwa pamoja.

Ugeni wa mojawapo, lakini, si mkubwa kama unavyodhaniwa. Umodzi ni umoja. Madzi na maji, mvula na mvua, munthu na mtu, kuphika na kupika: mwalimu mwenye Kiswahili angeweza kumvusha mtoto kwenda Kichichewa kwa mifano ya aina hii, tena bila kitabu. Daraja hilo halimo katika mtaala.

Limebaki katika malezi. Kiswahili, hasa cha mashariki ya Kongo, ndicho kinachounganisha Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda sokoni, ibadani na nyumbani kwa majirani. Ndicho mzazi anachokitumia kueleza kwa nini mtoto hakufika shuleni, na ndicho msaidizi mkimbizi anachokitumia kutafsiri swali la mwalimu Mmalawi. Kazi hiyo ya kutafsiri ni ufundishaji hasa, ingawa mtaala hauitambui. Uzito wake umeongezeka kadiri makazi yaliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 yalivyopokea zaidi ya 50,000.

Mwaka 2023 Lilongwe iliingia katika historia hii moja kwa moja. Mwezi Machi serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Mei polisi walianza kuwakusanya jijini, na baadhi ya watoto walishikiliwa pamoja na wazazi wao katika gereza la Maula. Kwa watoto waliokuwa shuleni, masomo yalikatika katikati ya mwaka. Mwezi Julai Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Malawi, na Rais Lazarus Chakwera akatangaza kuwa Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi hiyo, miaka minne baada ya SADC kukifanya lugha yake rasmi ya nne.

Tangazo hilo linahitaji walimu. Wasemaji wa Kiswahili wapo Dzaleka kwa maelfu, na miongoni mwao wamo waliowahi kushika chaki. Lakini Malawi iliweka mashaka pia juu ya kifungu cha 17 cha Mkataba, kinachohusu ajira: mkimbizi hasamehewi kibali cha kazi, hata akiwa ametimiza masharti ya kusamehewa yaliyomo katika kifungu hicho.