Mfumo wa kaunti ni wa nani? Somo kutoka Munich

UZI 🧵

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia: "Tutaleta mfumo mpya wa kukusanya ushuru!" Makofi. Lakini nani huuliza mfumo utakuwa wa nani? Kuna mji Ujerumani uliuliza mapema.

2/ Mwaka wa 2003, Munich ilikuwa na kompyuta kama 14,000 zinazotumia Windows NT, toleo ambalo Microsoft ilikuwa inaacha kulihudumia. Baraza la mji likaamua kuhamia Linux. Hii ni programu huria: msimbo wake uko wazi, fundi yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha.

3/ Wengi hudhani ni bei tu. Hapana. Mkuu wa Microsoft alienda mwenyewe kumwona meya, na kampuni ikashusha bei hadi chini ya ile ya Linux. Bado ikakosa. Mji haukutaka kutegemea muuzaji mmoja milele.

4/ Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kuhamisha kompyuta kulianza 2006, kukaisha 2013. Fomu za ofisi zilibidi zitengenezwe upya, na faili kutoka nje wakati mwingine hazikufunguka vizuri. Wafanyakazi wakalalamika.

5/ 2014 uongozi ukabadilika. 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Lakini ripoti ya washauri ya 2016 ilikuwa imeonyesha kuwa shida nyingi zilitokana na jinsi kazi ya IT ilivyopangwa, si Linux peke yake. Lawama ikabebwa na programu.

6/ Sisi je? Wizara yetu ya afya ilianza kutumia DHIS2 nchi nzima mwaka wa 2011. Ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ugatuzi ulipokuja 2013, afya ikaenda kaunti 47, na mfumo ukaendelea. Kwa hivyo inawezekana.

7/ Programu huria si dawa ya kila kitu. Leseni ni bure, lakini fundi halipwi kwa asante. Pia ina faida moja kubwa: mkandarasi akiondoka, haondoki na funguo.

8/ Basi mgombea akikuahidi mfumo, muulize: Mkataba ukiisha, data inabaki kwa nani? Msimbo je? Na nani kwenye kaunti amefunzwa kuutunza? Akikosa jibu, jua ushuru wako utalipia mfumo uleule mara mbili.