Bronzeville: Utunzaji wa Historia ya Weusi na Uongozi wa Mtaa mjini Chicago

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huambiwa mfanyabiashara, lakini yamfaa pia mkaaji wa mji. Mtaa nao una mali yake: shule, makanisa, magazeti, nyumba za muziki, na majina ya watu waliouongoza wakati wa shida. Mali hiyo isipoandikwa na kutunzwa, kizazi kimoja chatosha kuipoteza.

Makala haya yanahusu mtaa wa Bronzeville, upande wa kusini wa mji wa Chicago nchini Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake imetunzwa hasa na wakaaji wenyewe, wengi wao wakiwa watu wa kazi za kawaida kama mkutubi na mwalimu wa shule. Pili, katika juhudi hizo lugha yetu ya Kiswahili ilipata nafasi ambayo wanafunzi wetu wengi hawaifahamu. Maswali yetu ni haya: ni nani waliotunza historia ya mtaa huo? Walitumia njia gani? Na ni yapi yaliyopotea ijapokuwa watunzaji walikuwapo?

2. Chanzo cha mtaa na viongozi wake

Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Mwaka 1920 walifika 109,458, na mwaka 1930 walikuwa 233,903. Ongezeko hilo lilitokana na uhamaji mkubwa kutoka majimbo ya Kusini. Wahamiaji walikimbia sheria za ubaguzi, mauaji ya kundi, na kilimo cha pamba kilichomwacha mkulima na deni kila mwaka. Huko Kaskazini viwanda na machinjio vilihitaji mikono. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, liliwahimiza kuhama, na watumishi weusi wa mabehewa ya kulala ndio waliolisafirisha hadi Kusini kwa treni.

Wageni hao hawakupokewa kwa amani. Katika machafuko ya Julai 1919 watu 38 waliuawa, weusi 23 na weupe 15. Baada ya hapo zilienea hati za mauzo ya nyumba zenye sharti la kumkataza mwenye nyumba asimuuzie mtu mweusi wala kumpangisha. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilitamka mwaka 1948 kwamba mahakama za nchi haziwezi kutekeleza sharti kama hilo. Kabla ya hapo, watu wengi walibanwa katika eneo dogo, tajiri na maskini pamoja.

Kubanwa huko kulileta mateso, lakini kulizaa pia uongozi. Oscar De Priest alichaguliwa kuwa diwani wa kwanza mweusi wa mji huo mwaka 1915, na mwaka 1928 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la taifa. Mwaka 1919 ilianzishwa kampuni ya bima ya watu weusi, iliyokuja kuitwa Supreme Life. Katika miaka ya 1930 wakaaji walianza kumpigia kura mtu wa kuitwa meya wa Bronzeville. Cheo hicho hakikuwa na nguvu ya kisheria, lakini kilionyesha kwamba mtaa ulijiona kuwa mji wenye haki ya kujichagulia mkubwa wake.

Jambo moja ladai kukumbukwa na kila mwanahistoria. Mnamo Septemba 1915, katika jengo la chama cha vijana wa Kikristo lililopo barabara ya Wabash, Carter G. Woodson na wenzake waliunda shirika la kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Mwaka 1926 Woodson alianzisha juma la historia ya watu weusi, ambalo tangu mwaka 1976 huadhimishwa kwa mwezi mzima. Kazi hiyo, ambayo leo yajulikana duniani kote, ilianzia katika nyumba ya mtaa, ambamo vijana waliotoka Kusini walipata kitanda na mafunzo ya kazi.

3. Mkutubi, mwalimu na msimulizi

Vivian Harsh alizaliwa Chicago mwaka 1890. Aliingia kazini katika maktaba za mji mwaka 1909 akiwa karani mdogo, na mwaka 1924 akawa mkutubi wa kwanza mweusi katika maktaba hizo. Tawi la George Cleveland Hall lilipofunguliwa mwaka 1932 katikati ya mtaa, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wake, akaushika hadi alipostaafu mwaka 1958. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwaazima wasomaji vitabu. Yeye aliongeza kazi ya pili, kukusanya kila kilichoandikwa na watu weusi au juu yao: vitabu, vijitabu, barua, na miswada. Langston Hughes, Richard Wright na Gwendolyn Brooks walipita katika maktaba hiyo, na mikutano ya kujadili vitabu iliwakutanisha waandishi na wakaaji wasio na elimu ya chuo. Makaratasi ya uchunguzi juu ya watu weusi wa jimbo la Illinois, uliofanywa chini ya serikali katika miaka ya unyonge wa uchumi, yaliwekwa kwake. Mkusanyo huo ulihamishiwa maktaba ya Carter G. Woodson mwaka 1975, nao wabeba jina la Harsh.

Mtunzaji wa pili ni Margaret Burroughs, msanii na mwalimu wa shule. Akiwa kijana alisimama barabarani akichangisha sarafu za senti 10 ili mtaa upate nyumba ya sanaa. Nyumba hiyo, South Side Community Art Center, ilifunguliwa mwaka 1940, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alikuja kuizindua mwaka 1941. Fedha za serikali zilipokoma mwaka 1943, wakaaji waliendelea kuitunza wenyewe. Mwaka 1961 Burroughs na mumewe Charles, pamoja na wenzao, walianzisha makumbusho sebuleni mwao, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa kilabu cha wafanyakazi weusi wa reli. Mwaka 1968 makumbusho hayo yalipewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mkaaji wa kwanza wa kudumu mahali palipoota mji wa Chicago, kando ya wenyeji Wahindi Wekundu. Mwaka 1973 yakahamia katika jengo la bustani ya Washington Park.

Wa tatu ni Timuel Black, mwalimu aliyeletwa Chicago mwaka 1919 akiwa mtoto mchanga, akafariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 102. Yeye aliwahoji wakaaji wenzake, wazee kwa vijana, akayachapisha mazungumzo hayo katika mabuku mawili, mwaka 2003 na mwaka 2007.

Watu hao watatu hawakungoja kupewa cheo. Kila mmoja alianza na alichokuwa nacho: rafu za vitabu, sebule, sikio la kusikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walilijua hilo: kila kazi yao ilisimama kwa michango na zawadi za majirani.

4. Nafasi ya Kiswahili

Katika miaka ya 1960 vijana wa Chicago walitaka lugha ya kujitaja upya. Mwaka 1966, huko Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa yenye nguzo saba zilizotajwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, na imani. Mwaka 1968 Val Gray Ward aliunda Chicago kundi la tamthilia likaitwa Kuumba. Mwaka mmoja kabla ya hapo mshairi Don L. Lee, pamoja na Carolyn Rodgers na Jewel Latimore, alianzisha nyumba ya uchapishaji ya Third World Press kwa dola 400 na mashine ya kunakili. Lee alikuja kujiita Haki Madhubuti. Latimore akajiita Johari Amini, na hapo jina la kwanza ni tafsiri kamili ya jina alilopewa na wazazi wake.

Mwanaisimu ataona kwamba maneno hayo hayatumiki sikuzote kama tunavyoyatumia sisi. Kwa maana ya watu kujiamulia mambo yao, wengi wetu tungesema kujitawala kuliko kujichagulia. Mwanahistoria naye atakumbusha kwamba wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walitoka pwani ya magharibi ya Afrika, pamoja na nchi za Kongo na Angola, ambako Kiswahili hakikusemwa. Pingamizi hizo ni za kweli, lakini haziondoi maana ya tendo lenyewe. Vijana hao walichagua lugha isiyokuwa ya kabila moja, wakaitumia kama nyumba ya pamoja. Kwa hiyo kumbukumbu yao ilikuwa na sehemu iliyorithiwa na sehemu iliyochaguliwa.

5. Yaliyobomolewa

Tusidhani kwamba watunzaji walishinda kila mahali. Jengo kubwa la makazi lililoitwa Mecca lilibomolewa mwaka 1952, wapangaji wake wakiwa wamepigana miaka mingi kulitetea. Aliyelibomoa alikuwa chuo kikuu cha ufundi cha jirani, kilichotaka uwanja wa kujengea. Mwaka 1956 pakasimama hapo Crown Hall, kazi ya Ludwig Mies van der Rohe, ambayo wanafunzi wa usanifu huenda kuistaajabia. Kumbukumbu ya Mecca ilibaki hasa katika kitabu cha mashairi cha Gwendolyn Brooks cha mwaka 1968. Ukuta wa Heshima, uliochorwa sura za mashujaa weusi mwaka 1967, uliharibiwa jengo lake liliposhika moto mwaka 1971. Ukumbi wa Regal, uliofunguliwa mwaka 1928, ulibomolewa mwaka 1973.

Mfano mzito zaidi ni nyumba za Robert Taylor, majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyokamilika mwaka 1962. Taylor mwenyewe, mwenyekiti wa kwanza mweusi wa idara ya nyumba za umma, alikuwa amejiuzulu mwaka 1950 kwa sababu baraza la mji lilikataa kutawanya nyumba hizo katika mitaa yote. Baada ya kifo chake jina lake liliwekwa juu ya jambo alilolipinga. Jengo la mwisho lilibomolewa mwaka 2007.

Hapa pana swali gumu. Mwaka 1998 mji uliweka chini ya ulinzi majengo manane na mnara mmoja wa Bronzeville, na mapema mwaka 2023 eneo lote lilitambuliwa kisheria kuwa urithi wa taifa. Lakini majengo hayo ni ya magazeti, bima, biashara na jeshi. Yanasimulia habari za waliofanikiwa. Maelfu waliolea watoto katika ghorofa za Taylor hawana ukuta wa kuonyesha. Ndiyo sababu kazi ya Timuel Black ya kuandika masimulizi, na ile ya Harsh ya kutunza hata karatasi ndogo, zina uzito kuliko lindo la majengo peke yake.

6. Hitimisho

Sisi wa Lubumbashi hatuko mbali na habari hizi. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini kwetu kilikusanya historia ya Elisabethville, ikaandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji, wala si kwa lugha ya shuleni. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Tangu mwaka 2000 wachunguzi wa chuo kikuu, chini ya mpango wa Kumbukumbu za Lubumbashi, wamekusanya masimulizi na vyombo vya nyumbani kutoka kwa familia za wafanyakazi. Watumishi wale, kama mkutubi wa Chicago, hawakungoja mwanachuo awaruhusu kuwa na historia.

Habari za Bronzeville zatufundisha kwamba chuo kikuu chaweza kuwa mbomoaji au mtunzaji. Kule, kimoja kilibomoa Mecca, na mkutubi wa mtaa ndiye aliyetunza miswada. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho asianze na hati za kampuni na za serikali peke yake. Aende Kamalondo, Kenya na Katuba, aulize ni nani aliyeongoza chama cha mazishi, kwaya, timu ya mpira, kikundi cha akina mama sokoni. Aandike majina kwa Kiswahili kilekile atakachoambiwa, na nakala moja airudishe kwa wenyewe.