Barabara ya zamani ya Chunya–Itigi na miji iliyoachwa na dhahabu

Ukiwa Kaoze, upande wa magharibi wa Ziwa Rukwa, ng'ambo ya maji iko nchi kavu ya Chunya. Huko ndiko inakopita barabara ya zamani kutoka Mbeya kwenda Chunya, Makongolosi, Rungwa mpaka Itigi, karibu kilomita 500.

Dhahabu ndiyo iliyoipa uhai. Iligunduliwa eneo la Lupa mwaka 1922, na kufikia miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wanachimba na kuchekecha mchanga wa mito. Vyakula na mashine vilishushwa kwenye treni pale Itigi, Reli ya Kati, kisha malori yakakata pori kwenda kusini. Hata Mbeya, jiji tunalolijua leo, lilianza 1927 kwa kuhudumia machimbo haya.

Vita vya 1939 vilileta uhaba wa mafuta, vipuri na vibarua. Mgodi mkubwa wa New Saza ulifungwa 1956. Halafu miaka ya 1970 lami ya Dar es Salaam–Tunduma na reli ya TAZARA zikabeba mizigo yote. Malori yakahama, na wenye maduka nao wakafunga.

Ila usidhani kumekufa kabisa. Chunya mjini kumechangamka: lami ya kilomita 72 kutoka Mbeya ilizinduliwa 2019, mwaka ambao soko la dhahabu nalo lilifunguliwa.

Saza, ambayo sasa iko Wilaya ya Songwe, ni habari nyingine. Wachimbaji wadogo wanachenjua upya marudio, yaani mchanga ulioachwa na mgodi wa mkoloni, maana bado una dhahabu. Hela ipo, lakini na hatari ipo. Mashimo ya zamani mengi hayana uzio, na mvua ikinyesha kingo humeguka. Kubwa zaidi ni zebaki. Ikichomwa wazi kwenye karai, mvuke wake unaingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Kuichomea jikoni, watoto wakiwa ndani, ni kuwapa sumu. Retoti hunasa mvuke huo na kuirudisha zebaki itumike tena, kwa hiyo hata kibiashara inalipa.

Kwa anayetaka kuipita barabara yenyewe: jaza mafuta Chunya au Makongolosi na ubebe maji ya kutosha. Ukitoka Makongolosi vijiji vinakuwa vya mbalimbali, mbung'o hawana huruma, na pori la akiba la Rungwa lina tembo, hivyo usiku si wa kuendesha. Masika vumbi linageuka tope na gari dogo halifui dafu. Rungwa ni njia panda: kushoto unakwenda Sikonge na Tabora, kulia Itigi.