Ramani ya Bonde la Lufira

Ramani ya zamani si karatasi ya kutupa. Tutazame bonde la mto Lufira, katika nchi ya Kambove, jinsi lilivyochorwa kabla ya mwaka 1930.

Mstari wa buluu ni mto. Mistari myembamba yapita mahali penye kimo kimoja: ikiachana, nchi ni tambarare, ikibanana, mlima ni mkali. Basi, hapo Lufira wajikunjakunja katika uwanda mpana. Kisha ghafula mistari yabanana: mto wapenya katika milima ya Koni na kuporomoka Mwadingusha.

Mwaka 1892 alifika Kambove Jules Cornet, Mbelgiji, mtaalamu wa mawe, pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Alitazama, akaandika, akachora, hata maporomoko ya Mwadingusha yakaitwa na Wazungu kwa jina lake. Lakini si yeye aliyeivumbua shaba. Wazee wetu walikuwa wameichimba na kuiyeyusha karne nyingi, wakaimimina katika kalibu za misalaba iliyotumika kama fedha hata mbali na Katanga. Mashimo yao ndiyo yaliyomwonyesha mgeni pa kutazama.

Reli ilifika Kambove mwaka 1913. Baadaye viwanda vya shaba vikahitaji umeme. Wenye kusoma ramani wakaona jambo: uwanda mpana ukiishia katika mlango mwembamba wa milima, ukuta mmoja waweza kuzuia maji mengi. Ukuta ukajengwa Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kazi. Viwanda vya Likasi vikapata nguvu. Uwanda ukafunikwa na ziwa Tshangalele. Leo wavuvi watupa nyavu pale ambapo ramani ya kale yaonyesha nchi kavu.

Ramani mpya ina ziwa tu. Ile ya zamani yakumbuka bonde. Walakini hata hiyo haitaji majina ya wachukuzi na viongozi wa njia, ambao bila wao mchoraji asingalifika popote.

Kazi hiyo yatungoja sisi. Waulizeni wazee: njia ilipita wapi, kijito hiki kiliitwaje, nani alizikwa kilima kile? Yaandikeni kabla hawajafariki. Amri ya nne yatufundisha kuwaheshimu wazazi. Kuyahifadhi majina waliyoipa nchi ni sehemu ya heshima hiyo.